Kifua cha Mzee Yoeli

Siku ya kuniaga, nilipostaafu, mlinipa blanketi, jembe jipya na hotuba. Blanketi nalitumia, jembe nimempa mke wangu, na hotuba nimeisahau, maana aliyeisoma alikuwa akinitaja kwa jina la mtu mwingine mpaka akakonyezwa. Lakini yule binti mrefu wa maabara alinifuata mlangoni akasema, "Shikamoo, Mzee Shabani. Sasa mambo ya zamani tutamuuliza nani?" Nikamwitikia marahaba, nikaenda zangu, na swali lake likaja nyuma yangu mpaka nyumbani. Ndiyo maana nimekaa kuandika. Vyeo na mishahara sitavigusa. Vyeo vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua wenyewe.

Nilianza kazi kama dresa katika zahanati ya shamba la mkonge, nje kidogo ya Kilosa, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mbichi. Dresa ni mtu wa kufunga vidonda, lakini kwa mgonjwa kila mwenye koti jeupe alikuwa daktari, hata mfagiaji akilivaa kwa bahati mbaya. Siku ya kwanza nilikabidhiwa jiko la mafuta la kupampu, sufuria la kuchemshia sindano, na Mama Blandina. Kati ya hivyo vyote, jiko ndilo lililokuwa na hasira ndogo.

Mama Blandina alikuwa muuguzi mkuu wetu, mtu wa Mahenge, mnene, mwepesi wa miguu, mwenye sauti ya kumwamsha aliyepewa dawa ya usingizi. Ninyi mnafungua sindano kwenye karatasi na kuitupa. Sisi sindano moja tulikaa nayo kama mke. Alinifundisha kuipitisha ncha yake kwenye pamba; ikinasa nyuzi, imeota meno, inolewe kwenye kijiwe kabla ya kuchemshwa. "Shabani," aliniambia, "ukimchoma mtu kwa sindano butu, atapona ugonjwa akuchukie wewe." Nilinoa sindano mpaka vidole vikaota sugu.

Kule shambani ndiko nilikolijua neno kifua. Waliofanya kazi chumba cha brashi, nyuzi za katani zinakosuguliwa mpaka zing'ae, walivuta vumbi kutwa nzima na asubuhi yake walikuja kutukoholea sisi. Mtu wa namna hiyo husemwa "ana kifua", basi, habari imekwisha. Kifua ni kiungo, kifua ni ugonjwa, na anayejua kutunza siri naye husemwa ana kifua. Neno moja limebebeshwa mizigo yote hiyo na hakuna aliyewahi kulionea huruma.

Mmoja wa watu wa brashi alikuwa Yoeli, mwenyeji wa milima ya Vidunda, mwembamba, mwenye maneno mengi kuliko pumzi. Alisokota tumbaku yake kwa karatasi za gazeti, kwa hiyo habari zote za serikali mpya zilipitia mapafuni mwake. Kila msimu wa baridi alikuja kifua kikipiga filimbi. Mama Blandina alimchoma adrenalini chini ya ngozi, tukangoja, pumzi ikafunguka, Yoeli akashukuru na kwenda nje kuwasha msokoto mwingine. Tulimgombeza. Alijibu kwamba moshi ndio unaolainisha vumbi.

Miaka ikaenda. Mashamba ya mkonge yakawa ya umma, kisha bei ya katani ikaanguka, na watu wa brashi wakarudi makwao na vikohozi vyao. Mimi na Mama Blandina tukahamishiwa kituo cha afya kando ya barabara itokayo Mikumi kwenda Kidodi. Huko tulijifunza mengine. Tulijifunza kwamba pamba ikianikwa dirishani nyani wataichukua, wataionja, kisha watakutupia kwa dharau. Tulijifunza pia kwamba tembo akisimama barabarani Mikumi, hana habari na mgonjwa uliyenaye kwenye Landrova.

Ikaja Operesheni ya vijiji. Watu wa milimani wakateremshwa kukaa pamoja tambarare, na mmoja wao alikuwa yule yule Yoeli, sasa Mzee Yoeli, amebaki na fizi tupu, pamoja na mke wake Mama Tabitha. Kijiji kilipimwa vizuri, nyumba kwa mstari. Shamba la ujamaa, hata hivyo, likawekwa juu ya kilima, kwa sababu aliyelichagua alifika huko kwa gari. Kila asubuhi wanakijiji walipanda na majembe, na kila asubuhi Mzee Yoeli alisimama katikati ya kilima, mkono kifuani, wengine wakimpita.

Alikuja kituoni akanieleza. "Mwanangu Shabani, kifua changu nakijua. Tumeoana tangu brashi. Kikibana kinapiga filimbi, nakohoa, natema, kinaachia. Sasa kuna kingine. Hiki hakipigi filimbi. Nikipanda kile kilima kinanikamata hapa kwenye chembe cha moyo, kinapanda mpaka taya hili la kushoto. Nikisimama kinaondoka. Nikianza kupanda, kinarudi."

Chembe cha moyo, kwa ninyi mliozaliwa mjini, ni pale chini ya mfupa wa kifua, juu ya tumbo. Moyo umetajwa tu, haupo pale. Mtu aliyekula maharage mabichi hulalamika chembe cha moyo, na mwenye njaa vilevile. Kwa hiyo tulimpa Mzee Yoeli dawa ya kiungulia. Kisha tukampa ya minyoo. Kuhusu taya, tulimpeleka kwa bwana meno Kilosa, naye akamfungua kinywa, akatafuta, akakuta uwanja mtupu. Akamrudisha na salamu kwamba kazi yake ilishafanywa na mtu mwingine. Tukarudi kwenye jibu letu la siku zote: Mzee ana kifua.

Jibu hilo lilimponza. Mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Kibwana, alikuwa mtu mwema hasa akiwa amelala. Akiwa macho alihesabu watu shambani. "Kifua?" alisema mkutanoni. "Nusu ya kijiji hiki wana kifua, mimi mwenyewe ninacho, na tunafika. Anayeumwa kila akiuona mlima na kupona akiambiwa apumzike, huyo ni kupe." Siku zile kuitwa kupe halikuwa jambo la kucheka. Kupe alikuwa mnyonyaji, adui wa wafanyakazi na wakulima. Watu wakaacha kumsubiri Mzee Yoeli njiani, na wengine wakaacha kumsalimu.

Mama Tabitha alinijia nikiwa nachemsha sindano. Hakukaa. "Mume wangu hajakimbia kazi maisha yake yote," alisema. "Anawaambia siyo kifua, ninyi mnaandika kifua. Mkiandika kifua, Mwenyekiti anamrudisha kilimani. Atafia pale, Shabani, na hapo ndipo mtamwamini." Nilimpa mume wake vidonge vya kufungua pumzi, maana ndivyo vilivyokuwepo.

Sasa niwaletee Daktari Pole. Jina lake halisi lilikuwa na herufi nyingi zilizobanana bila irabu, na hakuna aliyelimaliza. Alitoka nchi moja ya baridi huko Ulaya ya Mashariki, akaletwa wilayani, na mara moja kwa wiki, kila Jumanne, alitutembelea. Alikuwa kijana mwekundu, mpole, aliyejifunza Kiswahili kitabuni, na neno alilolipenda kuliko yote ni pole. Mwenye jeraha, pole. Mwenye mapacha, pole. Mwenyekiti alipomweleza kwamba kijiji kimevuka lengo la mahindi, alimpa mkono akamwambia pole sana.

Siku moja alikuwa ndio kwanza ameshuka garini, tukaona baiskeli inakokotwa kutoka upande wa kilimani. Mzee Yoeli alikuwa amekalishwa nyuma, kashikiliwa na wanaume huku na huku, na Mwenyekiti akifuata kwa miguu ili aone kwa macho yake kama ni ugonjwa kweli. Tulimlaza. Jasho lilikuwa likimtiririka, na ngozi yake imekuwa ya majivu. Kifua kilipiga filimbi kidogo, kama kawaida yake. Mama Blandina hakupoteza muda. Alivuta adrenalini kwenye bomba la sindano, akamshika mkono.

Daktari Pole akaingia. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba," akaitikia Mzee Yoeli kwa shida, maana adabu haingojei mtu apone.

"Pole. Mzee, unauma wapi?"

Alitaka kusema unaumwa. Mzee Yoeli akamtazama, pumzi zikimpaa. "Siumi, Daktari. Meno yenyewe sina."

"Wapi? Wapi maumivu?"

"Hapa. Chembe cha moyo."

Daktari Pole akaruka kama aliyekanyaga kaa. "Moyo?"

"Chembe cha moyo," akasahihisha Mama Blandina. "Ni huku tumboni. Huyu tunamjua toka Kilosa, Daktari, ana kifua. Nikimpa sindano yake atainuka."

"Amesema moyo."

"Amesema chembe."

"Chembe ni nini?"

Mama Blandina, aliyezungumza Kiswahili tangu utotoni, alifungua kinywa, akakifunga. Akanitazama mimi. Nami nikatazama dari. "Chembe," akasema hatimaye, "ni kitu kidogo."

"Moyo kidogo ni moyo," akasema Daktari Pole. "Weka sindano chini, Mama. Pole."

Hakuna aliyewahi kumwambia Mama Blandina aweke sindano chini. Aliiweka kwa kishindo. Daktari akapima presha, akasikiliza kifua kwa mpira wake muda mrefu, akamuuliza Mzee kuhusu taya na kilima kwa maneno na kwa vidole. Kisha akafungua mkoba wake mwenyewe, akatoa kichupa, akamwekea kidonge kidogo chini ya ulimi. Mwenyekiti akauliza ni dawa gani ndogo hivyo. Daktari, kwa kuwa alikuwa mkweli, akamweleza kwamba asili yake ni ile ile inayopasulia mawe, ndugu wa baruti. Ndugu Kibwana akasogea mpaka nje ya mlango, akaendelea kufuatilia akiwa huko.

Tulingoja. Mzee Yoeli akaanza kulalamika kwamba kichwa kinagonga kama watu wanatwanga ndani. Kisha akanyamaza, akajigusa pale kwenye chembe, akagusa taya. "Kimeachia," akasema. Akaanza kulia, na si kwa maumivu. "Nilisema siyo kifua. Nilisema." Mama Tabitha alikuwa amefika, kasimama mlangoni pembeni ya Mwenyekiti. Alimtazama Mwenyekiti, naye akajidai anafunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa kandambili.

Jioni, tukinywa chai, niliona nimtendee haki Daktari. Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya tumbo lake mwenyewe, chembe cha moyo ni wapi, na kwamba Mama Blandina hakukosea hata kidogo katika lugha. Wekundu wake wote ukamhama.

"Kwa hiyo kama ningejua Kiswahili..."

"Ungemwachia Mama achome."

Alieleza taratibu. Mishipa inayoulisha moyo wa Mzee imesinyaa. Moyo wa namna hiyo ukikimbizwa na adrenalini ni punda mwenye njaa anayechapwa viboko apande mlima. Angeweza kufia mkononi mwetu, na sote tungeandika kwamba kifua kimemuua. "Tafadhali," akasema, "jambo hili msimwambie mtu."

"Usiwe na wasiwasi, Daktari," Mama Blandina akamtuliza. "Mimi na Shabani tuna kifua."

Daktari Pole akatutazama kwa huruma kubwa, akachukua mpira wake wa kusikilizia. "Pole. Tangu lini?"

Mama Blandina alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Alipopata pumzi alisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone," na tangu siku hiyo hakumpinga tena mbele ya mgonjwa, ila siku za Jumanne.

Mzee Yoeli alipandishwa treni Kilosa kwenda Dar es Salaam, wakambandika waya kifuani, mashine ikachora. Jibu likarudi kwamba ana yote mawili: mapafu yaliyochakaa kwa vumbi na tumbaku, na mishipa ya moyo iliyosinyaa. Hapa nawaomba msome polepole, kwa sababu haya ndiyo niliyotaka kuwaachia. Moshi ule ule unaoharibu mapafu unaharibu na mishipa ya moyo. Magonjwa hayo hupanga nyumba moja, na kila moja humsingizia mwenzake. Mgonjwa akikosa pumzi unasema mapafu. Akibanwa unasema mapafu. Moyo umejificha nyuma ya kikohozi miaka nenda rudi, na wewe umeshamwandikia kifua. Mtu mwenye kifua cha siku nyingi muulizeni swali moja kabla ya yote: hiki ni kile chako cha siku zote, au ni kingine? Anajua. Wengi hawajawahi kuulizwa tu.

Dawa nazo hazielewani. Ya kufungua pumzi inaweza kuukimbiza moyo. Huko Dar walimpa vidonge vya kuutuliza moyo, akarudi moyo umetulia kweli, lakini kifua kimefunga mpaka filimbi inasikika barabarani. Daktari Pole akavisimamisha, akamwachia vile vya chini ya ulimi na aspirini, na kumwamuru aache tumbaku. Mzee Yoeli aliacha. Nilimuuliza ameacha vipi. Akasema gazeti lenyewe limeadimika.

Mwenyekiti alilazimika kumtafutia kazi ya tambarare. Akamkabidhi rimu ya lori iliyotundikwa mtini pamoja na kipande cha chuma cha kuigongea. Hivyo mtu aliyeshindwa kupanda kilima ndiye aliyewaamsha wengine wakipande, na alifanya kazi hiyo kwa furaha isiyo na huruma. Waliomwita kupe walimwita majina mengine sasa, lakini asubuhi walimsalimu kwanza. Jirani zake wakijisifu kwa maradhi, aliwakata kauli: "Ninyi mna kifua tu. Mimi nina kifua na moyo."

Daktari Pole alirudi kwao, na siku ya kuagana sisi ndio tuliomwambia pole. Mama Blandina akastaafu akarudi Mahenge, akaniachia kijiwe cha kunolea. Akaletwa Ndugu Fredi, mganga msaidizi mpya, kijana hodari, mwepesi. Siku moja nikiwa stoo nikasikia sauti ya Mzee Yoeli kutoka chumba cha sindano. "Moyo!"

"Moyo gani, Mzee, mbona kifua kinapiga filimbi?" Fredi alikuwa ameshavuta dawa.

"Chembe nimekiacha nyumbani. Nimesema moyo. Weka sindano chini, kijana. Pole."

Nilifika nikamkuta amemshika Fredi mkono kwa nguvu ambazo sijui alizitoa wapi. Alikuwa amejifunza kwamba Kiswahili sanifu kinaweza kumuua, akaamua kusema kama mgeni. Fredi alikasirika, kisha akauliza, kisha akaelewa. Leo ndiye anayewafundisha wengine, na swali la "au ni kingine" analidai ni lake. Mwacheni.

Mzee Yoeli aliishi miaka mingi kuliko tulivyotegemea, na kilima hakikumuua. Ilikuja baridi ya Juni, kali, na moshi wa jikoni haukutoka. Akapata homa, kikohozi kikashuka mapafuni, makohozi yakabadilika rangi. Tulimpa penisilini, tulimkalisha kitako ili apumue, tulifanya yote tuliyokuwa nayo. Pale kwenye chembe hapakuuma hata mara moja, nilimuuliza kila nilipoingia. Alifariki mchana, nyumbani kwake, Mama Tabitha akiwa amemwegemeza kifuani pake. Nililia kama nilivyomlilia baba yangu.

Mazishini watu walijaa. Kwa kawaida yetu husomwa historia ya marehemu kabla ya kaburi: alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, ameacha nani, amekufa kwa nini. Maelezo yalikuwa yametolewa na Ndugu Kibwana mwenyewe, kwa heshima na majuto, na katekista akasoma kwa sauti nzuri mpaka mwisho. "Marehemu amefariki kutokana na ugonjwa wa moyo uliomsumbua kwa muda mrefu." Watu wakaguna kwa kukubali. Kijiji kizima kiliuonea fahari moyo ule.

Mama Tabitha akainuka kutoka kwenye mkeka wa kina mama. Mjane haongei wakati huo, na wanawake waliokuwa karibu walimvuta kanga akae. Hakukaa.

"Katekista, nisamehe. Siyo moyo."

"Jana asubuhi aliniambia mwenyewe. Alisema, 'Mama, leo siyo kile kingine. Leo ni kifua changu cha zamani.' Miaka yote ile aliwaambia siyo kifua, mkamwambia ni kifua. Sasa amesema ni kifua, mnamwambia ni moyo." Akamgeukia Mwenyekiti. "Mtamsikiliza lini?"

Mwenyekiti akageuka akanitazama. Katekista akanitazama. Nilisimama.

"Ni kama alivyosema Mzee," nikasema. "Ni kifua."

Katekista akatoa kalamu mfukoni, akakata, akaandika juu yake. Kisha, bila kuombwa na mtu, akaanza kusoma upya tangu kuzaliwa kwa Yoeli huko Vidunda, na Mama Tabitha akasikiliza yote akiwa amesimama, mpaka lilipotajwa neno lenyewe, ndipo akakaa.